Pango la Kilifi, Porojo za Garissa

Wasomali wana jina la mazungumzo ya kwenye chai: fadhi-ku-dirir, kupigana vita huku umekalia kiti. Garissa vita hivyo huanza baada ya sala ya Alasiri, na havihitaji silaha zaidi ya vikombe vya shaah na mada moja. Mada ikiwa siasa, mimi hunyamaza. Lakini kuna mada ambayo kila ikitajwa husogeza kiti changu karibu: pango la Panga ya Saidi huko Kilifi, na mtoto aliyekutwa amezikwa ndani yake.

Nimeyasikia madai mengi kulihusu, mengine hapa mjini, mengine Madogo ng'ambo ya Tana, mengine ndani ya matatu ya kwenda Hola. Baadhi yana chembe ya ukweli na mengine hayana hata chembe. Nimeyakusanya manane, nami nayajibu moja baada ya jingine.

Dai la 1: “Ni upanga wa mtu aitwaye Saidi.”

Tuanze na jepesi. Mkenya wa bara akisikia “panga” huona chuma cha kukatia miwa. Kwa watu wa pwani, panga ni pango kubwa. Jina lote ni la mahali, wala hakuna silaha iliyopotea humo.

Mahali penyewe ni mtandao wa mapango ya mawe ya chokaa kwenye vilima vya Dzitsoni, Kaunti ya Kilifi, kiasi cha kilomita 15 kutoka baharini. Kuanzia mwaka 2010, watafiti wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya pamoja na wenzao wa nje walichimba hapo kwa awamu, tabaka kwa tabaka. Walichokuta ni nyumba ya wageni ya historia: watu waliingia, wakakaa, wakaondoka, wakaja wengine, tangu miaka 78,000 iliyopita hadi karne hizi za karibu. Mpaka leo wenyeji wa Kimijikenda hulitumia pango hilo kwa maombi na matambiko.

Dai la 2: “Binadamu alianzia Kilifi, na hilo ndilo kaburi la kwanza duniani.”

Hili hutolewa na watu wenye nia njema, na ndiyo sababu linahitaji kukanushwa mapema. Mabaki ya kale zaidi ya watu wa jamii yetu, Homo sapiens, yako kwingine. Ya Jebel Irhoud nchini Moroko yanakadiriwa kuwa na miaka 300,000. Ya bonde la Omo, Ethiopia, yana karibu miaka 200,000 au zaidi. Mtoto wa Kilifi, kwa umri wake wa miaka 78,000, ni kitinda mimba mbele ya hao.

Wala kaburi lake si la kwanza duniani. Katika mapango ya Qafzeh na Skhul, huko Mashariki ya Kati, wamepatikana watu waliozikwa zaidi ya miaka 90,000 iliyopita. Hata Afrika Kusini, watafiti wa pango la Rising Star walitangaza mwaka 2023 kwamba viumbe wa zamani zaidi, Homo naledi, waliwazika wafu wao. Wenzao wengi hawakuridhika na ushahidi, na ubishi ungalipo.

Kinachobaki mkononi kinatosha kabisa. Hilo ndilo kaburi la Homo sapiens la kale kuliko yote yanayojulikana Afrika. Sifa ya kweli haihitaji kuongezwa chumvi, na ukiizidisha unampa mpinzani wako pa kushika.

Dai la 3: “Mtoto aliangukia shimoni tu. Watajuaje kuwa alizikwa?”

Hili ni swali la mtu mwenye akili, nami nalijibu kwa heshima. Mifupa kuwa pangoni si ushahidi wa maziko. Fisi huburuta mizoga, maji husomba, na mtu huweza kujificha mvua akafa. Kwa hiyo tutazame kilichoonekana.

Vipande vya kwanza vya mifupa vilionekana mwaka 2013, lakini shimo lenyewe lilifichuliwa lote mwaka 2017, karibu mita tatu chini ya sakafu ya sasa. Mifupa ilikuwa imelainika kiasi kwamba ukiigusa inakuwa vumbi. Wachimbaji hawakuitoa mfupa mmoja mmoja. Walilizungushia bonge zima plasta, kama daktari anavyofunga mguu uliovunjika, wakalipeleka Nairobi, na baadaye kwenye kituo cha utafiti wa mageuzi ya binadamu cha Burgos, Uhispania. Huko mashine za eksirei zilichungulia ndani ya udongo bila kuuvunja. Meno ndiyo yaliyothibitisha kuwa ni mtoto wa jamii yetu, mwenye umri wa miaka miwili na nusu hadi mitatu. Wakamwita Mtoto, kwa Kiswahili hiki hiki.

Ushahidi wa maziko ulikuwa wa aina nne. Kwanza, kulikuwa na shimo lililochimbwa, na udongo uliolijaza ulikuwa tofauti na udongo wa kuta zake. Pili, mifupa mingi ilibaki mahali pake, ya mbavu karibu na ya mgongo. Mwili ulioachwa wazi hutawanyika. Tatu, mtoto alilala ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa hadi kifuani, na mifupa ya bega na mbavu za juu ilikuwa imebanwa kwa namna inayotokea mwili ukiwa umefungwa ndani ya kitu, labda majani au ngozi. Nne, kichwa kilikuwa kimejiinamia kana kwamba kilikuwa juu ya mto. Mto ukaoza, ukaacha nafasi, nacho kikazama humo.

Je, umri ulijulikanaje? Radiokaboni, kipimo kinachotajwa sana, huishiwa nguvu karibu na miaka 50,000. Hapa walipima chembe za mchanga ili kujua mara ya mwisho zilipoona jua ni lini. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Nature Mei 2021, na miongoni mwa waandishi wake alikuwemo Emmanuel Ndiema, mwanaakiolojia wa Makavazi ya Kitaifa.

Kwa hiyo fisi hayumo katika kesi hii. Fisi hakunji magoti ya mtu wala hamwekei mto.

Dai la 4: “Alilazwa ubavu wa kulia, akavikwa sanda. Basi alikuwa Mwislamu.”

Mzee aliyeniambia haya alikuwa na machozi machoni, na sikutaka kumcheka. Sisi tunaozika tunajua uzito wa kumlaza maiti kwa ubavu wa kulia. Kusikia kwamba mtoto wa zamani za kale alilazwa hivyo kunagusa.

Lakini mzee wangu, kaburi moja haliwezi kutuambia desturi. Mtoto ana pande mbili tu za kulazwa akiwa kwa ubavu, na hatuna kaburi la pili la wakati huo pangoni humo la kulilinganisha nalo. Dini tunazozijua ni za jana tu mbele ya umri wake. Kati ya Mtoto na kaburi letu la kale kabisa la Kiislamu kuna zaidi ya miaka 76,000. Kilichopo ni kitu kingine, nacho kinatosha kumtoa mtu machozi bila msaada wa dai hilo: kulikuwa na watu waliofiwa, wakachimba, wakafunga, wakaweka mto, kisha wakafukia. Hayo yote kwa mtoto ambaye bado hakuwa na msaada wowote wa kuwapa.

Dai la 5: “Wazungu waliiba mifupa wakapeleka Ulaya.”

Wanaosema hivi hawakuzua hofu yao hewani. Afrika imepoteza mengi kwa njia hiyo, na mashaka yao ni urithi. Lakini katika jambo hili ushahidi unakataa. Uchimbaji ulifanywa pamoja na taasisi ya taifa, bonge lilipita Nairobi kwanza, na safari yake ya Burgos ilikuwa ya kwenda kupimwa. Chini ya Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006, kitu cha kale kilichofukuliwa Kenya ni mali ya Serikali ya Kenya, kiwe kiko kabatini au safarini.

Swali halali zaidi ni hili: kwa nini bonge hilo lililazimika kusafiri? Kwa nini nchi yenye mifupa mingi ya kale hivi haina chumba cha kutosha cha kuipima? Hilo ningependa kulisikia likiulizwa kwa sauti kubwa kuliko hadithi ya wizi.

Wako pia wanaosema kufukua maiti ni haramu kwa hali yoyote. Nawaelewa, na nakubali kwamba heshima ya maiti haifutwi na karne. Kaburi ambalo bado lina wenye kuliomboleza lina wenyewe, nao ndio wa kuulizwa kwanza. Ila mchimbaji anayekuja na brashi na kuandika kila sentimita ana adabu kuliko tingatinga la machimbo ya mawe, maana chokaa ndiyo malighafi ya saruji, na mwamba wa chokaa usiolindwa huishia kuwa ukuta wa mtu.

Dai la 6: “Historia ya pwani ilikuja na majahazi.”

Hili ni la watu wa mji, wale wanaodhani kabla ya tanga la kwanza pwani ilikuwa mchanga na kaa. Panga ya Saidi linalikanusha kwa namna ya ajabu: wakazi wake walikuwa na bahari karibu na hawakuitegemea. Waliwinda wanyama wa msituni na wa nyikani. Vitu vya bahari vilivyopanda hadi pangoni ni hasa simbi chache, nazo zilitobolewa zivaliwe. Ushanga wa kale zaidi uliopatikana humo una karibu miaka 65,000. Baadaye wakatengeneza pia shanga za maganda ya mayai ya mbuni. Bahari kwao ilikuwa duka la mapambo.

Tunapofika zama za kilimo, mtama, uwele na wimbi vinaonekana pangoni, na pamoja navyo vyungu vilivyochorwa pembetatu. Wakazi hawakuacha kuwinda. Kwa muda mrefu mfukoni mwao mlikuwa na mshale na mbegu. Vyungu vya namna hiyo viko pia Shanga, kwenye kisiwa cha Pate, katika matabaka ya chini ya mji ambao msikiti wake wa kwanza, wa miti, ni wa karne ya 8. Miji ilimea juu ya watu waliokuwepo.

Dai hili lina nusu ya ukweli na ni haki kuitaja. Utafiti wa vinasaba vya mifupa ya miji ya Waswahili, uliochapishwa 2023, ulionyesha kwamba kuanzia karibu mwaka 1000 watu kutoka Asia, hasa Uajemi, walichanganyika na wenyeji. Kwa upande wa mama, asili kubwa ilikuwa ya Afrika. Wageni walikuja, wakaoa, wakawa wenyeji. Hawakukuta nyumba tupu.

Dai la 7: “Hayo ni ya Kilifi. Kwetu hakuna kitu ila vumbi na ngamia.”

Hapa ndipo nilipokuwa nakwenda. Dai hili husemwa na watu wetu wenyewe, tena kwa kicheko, na ndilo linaloniuma zaidi. Nalijibu kwa vipande vinne.

Kwanza, vile vyungu vya pembetatu nilivyovitaja vina jina katika vitabu vya wanaakiolojia: mapokeo ya Tana. Vimeitwa kwa jina la mto huu unaopita chini ya daraja letu, kwa sababu vilitambuliwa katika makazi ya kale ya bonde la chini la Tana, kama vile Wenje. Mtu wa Garissa anayesema hana chake katika historia ya pwani anakunywa maji ya mto ambao historia hiyo imeazima jina lake. Tana haukuulizi mpaka wa kaunti. Unatoka milima ya kati, unapita hapa, unamwaga maji yake Kipini.

Pili, “wafugaji hawaachi alama” ni uongo uliokwisha kuvunjwa. Huko Lothagam, kando ya Ziwa Turkana, wafugaji wa karibu miaka 5,000 iliyopita walijenga kaburi kubwa la pamoja, wakaliwekea nguzo za mawe, wakazika humo watu wanaokadiriwa kufikia 580 na zaidi. Hawakuwa na mji wala mfalme anayejulikana. Walikuwa na mifugo, na walikuwa na wafu waliowathamini. Hapa Kaskazini Mashariki penyewe, Wajir ina visima vilivyochongwa ndani ya mwamba na marundo ya mawe ambayo wazee huyahusisha na watu wa zamani waitwao Madanle. Nani alichimba na lini, ni kazi ya koleo kusema. Lakini visima havikujichimba.

Tatu, mwamba wenye makaburi ya kale si kitu kigeni kwa upande huu wa dunia. Vuka mpaka uende kusini mwa Somalia, kati ya Juba na Shebelle, utaona Buur Heybe, kilima cha mwamba kilichochomoza katikati ya tambarare. Kwenye hifadhi ya mwamba wake, wachimbaji waliofika tangu miaka ya 1930, na wengine miaka ya 1980, walikuta mifupa ya watu 14 waliozikwa maelfu ya miaka iliyopita, na kaburi moja lilikuwa na pembe nyingi za tandala mdogo. Waliomzika mtu huyo walikuwa wawindaji, na walimpa mali ya nyika. Tandala huyo bado anaruka vichakani kwetu.

Nne, tuangalie wawindaji wenyewe. Vinasaba vya mtu aliyeishi Panga ya Saidi karibu miaka 400 iliyopita vilionyesha asili ya wawindaji wa kale wa Afrika Mashariki. Yaani wakati Mombasa ina ngome na majahazi, mtu wa nasaba hiyo alikuwa bado anaishi si mbali sana na hapo. Na leo, katika msitu wa Boni kule Ijara, mpakani mwa Garissa na Lamu, wako Waawer, ambao wengi huwaita Waboni, wanaojua asali, mizizi na nyayo za wanyama kuliko mtu yeyote katika kaunti hii. Sisemi kwamba wao ni wajukuu wa mtu wa pangoni. Hilo hakuna aliyelipima. Nasema tunaishi jirani na watu wanaohifadhi maarifa ya maisha yaliyodumu miaka elfu sabini, halafu tunasema hatuna kitu.

Kwa nini basi Kilifi ina Mtoto na Garissa haina? Sababu moja ni ya kemia. Chokaa hulinda mfupa. Tambarare yetu ya mchanga na udongo mwekundu huutafuna. Sababu ya pili ni ya serikali. Mwaka 1902 wakoloni walipitisha sheria iliyofunga wilaya za mbali, na eneo letu likawa mahali pa kuingia kwa kibali. Uhuru ulipokuja 1963, ulikuja pamoja na hali ya hatari ambayo haikuondolewa hadi 1991. Chuo kikuu gani kingeleta wanafunzi na brashi mahali ambapo hata mchungaji alihesabiwa? Halafu tunachukua ukurasa ambao haukuandikwa, tunausoma kana kwamba umeandikwa “hakuna”.

Dai la 8: “Tukipata mifupa yetu, tutathibitisha ardhi ni yetu.”

Na hili ndilo la hatari kuliko yote, kwa sababu huja mara tu ukimshinda mtu katika la saba. Akikubali kuwa kuna kitu chini, anataka kiwe hati ya kumiliki ardhi.

Miaka 78,000 ni mingi mno kwa ukoo wowote. Mtoto hakujua Mmijikenda, Msomali, Mpokomo wala Mworma. Lugha zote tunazogombania leo hazikuwepo. Katika pango lile lile walipita wawindaji, wakafika wakulima, wakafika wafanya matambiko. Kila tabaka lina watu wake, na hakuna tabaka lililofuta la chini yake. Anayelitaka pango liwe shahidi wa kabila lake itabidi achague tabaka moja na kuwanyamazisha wengine kumi na kadhaa. Mahakama yoyote ingemtupa nje shahidi aliyechujwa namna hiyo.

Haki za ardhi za Waawer, za wafugaji, za wakulima wa kingo za Tana ni za watu walio hai, na zina sheria na ushahidi wao. Zipiganiwe huko. Mfupa ukiitwa kortini utasema jambo moja tu: kwamba kulikuwa na watu kabla yenu.

Basi tufanye nini, sisi wa viti na vikombe? Barabara ya Lamu, Ijara na Garissa imepasua ardhi ambayo haikuwahi kupasuliwa, na visima na mabwawa yanachimbwa kila ukame. Mtu akikuta kigae chenye michoro, jiwe lililochongwa au mfupa ndani ya ukuta wa shimo, asiking'oe akapeleka nyumbani kukipiga picha. Akiache pale pale, apime kina kwa hatua au kwa kamba, aweke alama, amwambie chifu, naye chifu awapigie watu wa Makavazi. Kigae kikishatolewa katika tabaka lake ni kipande cha chungu tu.

Mzee yule wa ubavu wa kulia nilimweleza haya. Alinyamaza, akamaliza chai yake, kisha akaniambia kwamba alipokuwa kijana, wakichimba kisima upande wa Ijara, walikuta vyungu vimepangwa chini, kina cha watu wawili. Waliviponda, maana maji ndiyo yaliyotakiwa. Nikamuuliza kama angekumbuka mahali. Akasema kisima hicho kingali kinatoa maji.